Mada: Sushi na chakula cha Asia ndani ya EPCOT, watu 9, aleji ya kamba, wawili hawali nguruwe

Kutoka: Mama Nuru

Habari zenu wote. Mwezi wa saba tunapeleka familia Florida, na siku ya EPCOT (ile bustani ya Disney yenye mabanda ya nchi mbalimbali) vijana wameng'ang'ania sushi, ule wali wa Kijapani wenye samaki, mara nyingi mbichi. Tuko 9: watu wazima 5 na watoto 4, mdogo ana miaka 4. Wawili hawagusi nguruwe wala pombe, mtoto mmoja ana aleji ya kamba, wifi yangu ni mjamzito, na bibi ana presha. Tule wapi, tuagize nini, tukwepe nini? Na bakshishi inakuwaje?

Kutoka: Hamisi

Mama Nuru, anza na nafasi, menyu baadaye. Migahawa ya mezani hufunguliwa kwa kuhifadhi nafasi siku 60 kabla, alfajiri ya saa 12 kwa saa za Florida. Mkilala kwenye hoteli ya Disney, siku 60 zinahesabiwa kutoka siku ya kuingia hotelini, na asubuhi hiyohiyo unaweza kushika nafasi za hadi siku 10 za kukaa kwenu. Ukitafuta meza ya watu 9 mara nyingi mtandao utakujibu hakuna. Usikate tamaa: tafuta 5, kisha 4, kwa muda unaokaribiana, halafu mkifika mwombeni anayepokea wageni awaweke jirani. Hawaahidi, lakini hujaribu. Msipotokea bila kufuta angalau saa 2 kabla, wanakata dola 10 kwa kila kichwa.

Banda la Japani liko nyuma ya ziwa, kati ya banda la Marekani na la Morocco. Njia nzima ya kuzunguka ziwa ni kama kilomita 2, kwa hiyo msimwambie bibi ni "hapo tu". Juu ya duka la Mitsukoshi kuna migahawa miwili ya mezani. Shiki-Sai ndiyo ya sushi na sahani ndogondogo za kuchangia. Teppan Edo ndiyo ya mpishi kuchoma mbele yenu kwenye bamba la chuma. Watoto huipenda, lakini meza yake huchukua watu 8, na kwa huyo mwenye aleji ya kamba mimi nisingeichagua (wataalamu wa jambo hilo watakueleza hapa chini). Takumi-Tei ni ya gharama kubwa na ya kukaa muda mrefu. Kwa watoto 4, iacheni.

Pale pale bustanini, kwenye kilima kidogo, kuna Katsura Grill: unaagiza kaunta, hakuna kuhifadhi nafasi, kuna sushi, udon (tambi nene za supu) na teriyaki (nyama au samaki wa kuchoma kwa sosi tamu ya soya). Kwa kundi lenu naiona ndiyo salama kuliko zote, kwa sababu kila mtu anaagiza chake na unaweza kuzungumza na jikoni kuhusu sahani moja moja. Fikeni mapema kabla ya msongamano wa mchana. Kaunta zenye mashine ya soda hutoa maji ya barafu bure ukiomba, msinunue chupa.

Mkitaka sushi bila kukata tiketi ya kuingia bustanini, nendeni Disney Springs, eneo la maduka na migahawa la Disney, jioni nyingine. Maegesho ni bure na kuna Morimoto Asia, yenye sushi na vyakula vya nchi kadhaa. Angalieni tu, huko nguruwe yuko sehemu nyingi za menyu. Na mkiwa Animal Kingdom, bustani ya wanyama ya Disney, mkitoka Harambe (kile kijiji chenye mabango ya Kiswahili) mkaelekea sehemu ya Asia, mtakuta Yak & Yeti, yenye meza ndani na kaunta nje.

Bakshishi: kaunta hudaiwi. Mezani ni asilimia 18 hadi 20, na kundi la watu 6 au zaidi huongezewa 18 moja kwa moja. Kodi ya mauzo pale ni asilimia 6.5. Kwa hiyo chakula cha dola 200 kinakuwa 200 + 13 + 36, jumla 249. Hapa ndipo watu wanapoumia: risiti huja na bakshishi imeshaandikwa, chini yake kuna mstari mwingine mtupu wa kuongeza. Soma kwanza. Huo mstari si lazima.

Kutoka: Bi Salma

Asante Hamisi. Mimi naongezea upande wa wasiokula nguruwe na wasiotumia pombe, maana watu huogopa samaki mbichi ilhali tatizo liko kwenye sosi.

Mirin ni pombe ya mchele yenye sukari. Ile halisi ina takriban asilimia 14. Hutiwa kwenye teriyaki, kwenye ile sosi nyeusi nzito inayopakwa juu ya mkunga, kwenye supu ya udon, na baadhi ya wapishi huitia kwenye siki ya wali wa sushi. Sake, pombe nyingine ya mchele, nayo hupikiwa. Ukimuuliza mhudumu "kuna pombe?" atafikiria vinywaji na kukujibu hapana. Uliza hivi: "Je, sosi hii ina mirin au sake? Na wali je?" Ukitaja vitu kwa majina yake, anakwenda kumuuliza mpishi. Sosi ya soya iliyochachushwa kiasili nayo hubeba pombe kidogo, takriban asilimia 2, inayojitengeneza yenyewe. Hilo wanazuoni hawasemi kauli moja, kila mtu afuate anayemfuata.

Nguruwe hujificha hivi: gyoza (vifuko vya unga vyenye nyama ndani) karibu kila mara ni nguruwe na kabeji. Rameni ya tonkotsu ni supu ya mifupa yake, hata kama juu wameweka kuku. Katsu (nyama ya kukaanga iliyopakwa chenga za mkate) inaweza kuwa ya kuku lakini ikakaangwa mafuta yaleyale. Kwa Wachina, wali wa kukaanga huweza kuwa na soseji au nyama nyekundu ya char siu iliyokatwa vipande vidogo sana, na sosi nyingi za kukaanga hutiwa divai ya mchele. Kuku na ng'ombe msidhani ni wa halali kama hawajasema. Mimi ningeshika samaki na mboga: roli la tango, la parachichi, nigiri (tonge la wali lenye samaki juu) ya samoni au jodari, edamame (soya changa) za chumvi. Samaki wa kuchoma mwombeni kwa chumvi tu, bila kupakwa kitu.

Kutoka: Neema

Nazungumzia aleji na ujauzito. Tafadhali msome hadi mwisho.

Marekani inatambua aleji kuu 9: maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, karanga, njugu za mitini, ngano, soya, na tangu Januari 2023 ufuta. Sahani moja ya sushi inaweza kubeba 6 kati ya hizo. Kwa hiyo aleji iandikwe wakati wa kuhifadhi nafasi, isemwe tena mlangoni, na isemwe mara ya tatu kwa anayechukua oda. Ombeni azungumze na mpishi. Pale wamezoea na hawakasiriki.

Kwa mwenye aleji ya kamba, hofu yangu si kamba anayeonekana, huyo hamtamwagiza. Hofu yangu ni mambo matatu yaliyojificha. La kwanza ni mafuta: tempura (vitu vilivyochovywa kwenye rojo ya unga) ya viazi vitamu na karoti hukaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kamba, hivyo "ya mboga" haimsaidii. La pili ni bamba la chuma la teppan, ambalo kamba wa jirani huchomwa sentimita chache kutoka kwa kuku wake, kwa mwiko uleule. La tatu ni kijiti cha kaa cha bandia. Ndani yake ni samaki mweupe aliyesagwa, wanga wa ngano, ute wa yai, na mara nyingi rojo ya kaa halisi ya kuleta ladha. Roli la California ni hilo. Kwenye kaunta za Kichina ongezeni sosi ya chaza. Chaza si kamba, lakini wengi wenye aleji hii huambiwa na daktari waepuke vyote viwili. Dawa ya sindano ya dharura ikae kwenye mkoba wa mtu anayekaa naye mezani, isibaki kwenye gari la mtoto linaloegeshwa nje.

Wifi yako asile samaki mbichi kabisa, wala samoni wa kuvutwa moshi baridi, ambaye ndiye huwekwa na jibini laini kwenye roli la Philadelphia. Hatari yake ni listeria. Anaweza kula mkunga, kwa sababu hupikwa, na pia yai la tamago, inari (wali ndani ya kifuko cha tofu), tango, parachichi, au roli la kamba wa tempura (mbali na yule mtoto). Aombe likatwe kwa kisu na ubao safi. Jodari wa macho makubwa yumo kwenye orodha ya samaki ambao mamlaka ya chakula ya Marekani inawaambia wajawazito waepuke kwa sababu ya zebaki, hata akipikwa.

Kutoka: Mama Nuru

Mungu awabariki. Bibi anauliza: hao samaki mbichi hawana minyoo? Na wakibaki tunaweza kubeba?

Kutoka: Hamisi

Mwambie kanuni za huko zinataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, ndipo minyoo hufa. Wanaosamehewa ni aina fulani za jodari na samaki wa kufugwa kwa chakula maalumu. Bakteria hawafi kwa baridi, na ndiyo maana kubeba hapana. Joto likipita nyuzi 32, chakula chochote kibichi au kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 1, na mwezi wa saba Florida hufika huko kirahisi. Agizeni kidogo, muongeze.

Kile kidonge cha kijani pembeni ya sahani (wasabi, kikali mno) kiondoeni kabla watoto hawajakaa. Kinafanana na parachichi na mtoto hukimeza chote. Nigiri ishikwe kwa vidole, igeuzwe, upande wa samaki ndio uguse soya. Ukichovya wali unanyonya yote na kumomonyoka, na kwa bibi hilo ni kubwa zaidi: kijiko 1 kikubwa cha soya kina karibu miligramu 900 za sodiamu, na kikomo cha siku nzima ni 2,300. Ile "yenye chumvi pungufu" bado ina zaidi ya nusu ya hiyo. Akitaka udon, ale tambi na mboga, supu aiache bakulini.