Tupeane uzoefu: Mnaishije na Texas, jimbo linalojiona bado ni nchi?

MamaWaKaty (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Niko pembeni ya Houston, nimetokea Ohio. Kule Ohio mtu alikuwa Mmarekani tu, yameisha. Huku mtu ni wa Texas kwanza, Umarekani utafuata. Binti yangu yuko darasa la nne, mwaka ambao watoto wanasomeshwa historia ya jimbo, na darasa la saba watairudia. Kila asubuhi shuleni wanaweka mkono kifuani, wanaapa kwa bendera ya Marekani, kisha wanageukia ya Texas na kuapa upya: "jimbo moja chini ya Mungu, moja lisilogawanyika." Viapo viwili kabla hata ya hesabu!

Hadithi anayorudi nayo nyumbani ni hii: Texas ilikuwa sehemu ya Mexico, Santa Anna mtawala wa Mexico alifuta katiba ya nchi ya 1824, walowezi waliotoka Marekani wakaasi. Wakafa kishujaa kwenye ngome ya Alamo tarehe 6 Machi 1836. Wiki sita baadaye Sam Houston, kamanda wa walowezi, akalivunja jeshi la Santa Anna kule San Jacinto kwa dakika 18, na kesho yake Santa Anna mwenyewe akakamatwa. Texas ikawa nchi kamili mpaka 1845. Sibishi. Ila nyie mlioishi huku, mmekutana na Texas gani? Leteni yenu.

Dereva_I10
Mimi Texas nimeijulia barabarani. Ukiingia kutoka Louisiana, kuna bango pale Orange: Beaumont 23, El Paso 857. Hizo ni maili, buda! Mombasa mpaka Malaba haifiki hata kilomita 1,000. Kenya nzima inaingia humu na nafasi inabaki.

Lakini kilichonifunza Texas ni ile baridi ya Februari 2021. Nilikuwa nimepaki lori El Paso, stima iko, nakunywa chai. Napigia ndugu zangu Dallas, wamelala na makoti, maji yamegandia kwa mabomba. Nikauliza mzee mmoja pale stendi ya malori, mbona sisi tuko sawa? Akaniambia El Paso imeunganishwa na gridi, yaani mtandao wa stima, ya majimbo ya magharibi. Sehemu kubwa ya Texas iko na gridi yake pekee, walijitenga kitambo ili Washington isiwapangie. Mitambo ilipoganda, hakukuwa na njia ya kuvuta stima ya kutosha kwa majirani. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kwa hivyo nikisikia mtu anajigamba ati sisi tunajitegemea, huwa nanyamaza tu.

Pwani_Mchangani
Mie wa Unguja, kwa hivyo kisa hiki nakisoma kwa jicho la peke yake. Nchi ndogo yenye rais wake imejiunga na kubwa, imebaki na bendera yake na mdomo wake. Nacheka tu, sisemi kitu 😂

Kazini kuna bwana kila wiki anatwambia Texas ina haki ya kutoka ikitaka, eti imo kwenye mkataba wa kujiunga na Marekani. Haimo. Walijaribu 1861, wakapigwa vitani pamoja na majimbo mengine ya kusini, na 1869 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo halina ruhusa ya kujitoa peke yake. Jengine wasilopenda kulitaja ni deni. Ile jamhuri ilikuwa hoi kwa madeni. Mwaka 1850 Washington iliwapa dola milioni 10, nao wakaachia ardhi waliyokuwa wakiidai mpaka kule Wyoming. Uhuru mtamu, lakini mdai naye anagonga mlango.

Dada_Nesi
MamaWaKaty, hadithi ya binti yako ina shimo katikati, na shimo lenyewe ni pamba.

Nimeishi Third Ward, mtaa wa hapa Houston, muda mrefu, nasali na wazee Weusi ambao babu zao walizaliwa watumwa humu humu. Wao hawaanzii Alamo. Walowezi wengi walikuja na watumwa wao kulima pamba. Mwaka 1829 Rais Guerrero wa Mexico, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, alifuta utumwa. Walowezi walilalamika mpaka Texas ikaondolewa kwenye amri ile. Walipopata nchi yao 1836 wakaandika kwenye katiba kwamba bunge halina mamlaka ya kuwaachia watumwa huru, na mtu Mweusi aliye huru haruhusiwi kuishi nchini bila idhini ya bunge. Isome mwenyewe, haijafichwa. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa 182,566, karibu theluthi ya wakazi wote. Waliotoroka walikuwa wanakimbilia kusini, Mexico, kwa yule yule anayeitwa adui.

Sam Houston naye si mtu wa rangi moja. Alimiliki watumwa, lakini 1861 akiwa gavana alikataa kuapa utii kwa waasi wa kusini, wakamng'oa.

Ndiyo maana sikukuu yetu ni 19 Juni. Siku hiyo mwaka 1865 Jenerali Granger wa jeshi la Marekani alitangaza mjini Galveston kwamba watumwa wote wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln la kuwaachia huru. Mwaka 1872 watu waliokuwa watumwa juzi tu, akina mchungaji Jack Yates, walichanga dola 1,000 wakanunua ekari 10 wapate mahali pao pa kusherehekea. Ndiyo Emancipation Park, ipo mpaka leo. Serikali ya Marekani nzima imekuja kuitambua sikukuu hiyo 2021. Meza ya siku hiyo lazima iwe nyekundu: soda nyekundu, tikiti maji, soseji za kuchoma zinazodondosha mafuta mpaka kwenye kiwiko.

Ndugu_wa_Bukavu
Jambo bandugu. Mimi nilishtuka kwenye kitabu cha mtoto. Bendera ya Texas ya 1836, kabla ya hii ya sasa: bluu yote, nyota moja ya dhahabu katikati. Nikamwambia mke wangu, angalia, hii si ile ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo yetu? Zinafanana kama pacha! Ya Texas ilitangulia, waliibadilisha 1839. Watu wa huku nikiwaonyesha ya Kongo wanafurahi sana, wanasema nyota yetu imefika mbali. Mimi siwezi kufurahi. Chini ya nyota ile babu zetu walikatwa mikono kwa sababu ya mpira, ule wa kugema msituni.

MamaWaKaty
Aisee. Nimeenda kumuuliza binti kama wamefundishwa Juan Seguín, Mmexico aliyepigana upande wa Sam Houston halafu baadaye akalazimika kukimbilia Mexico. Kasema yupo, kwenye kisanduku kidogo pembeni mwa ukurasa. Dada_Nesi, Juni hii tunakuja. Tubebe nini?

Dada_Nesi
Viti vyenu na maji mengi. Mje asubuhi, maana jua la Houston mwezi wa sita mnalijua. Soda niachieni mimi.

Dereva_I10
Na mimi nikiwa sina mzigo nakuja. Hizo soseji ni za nyama gani?