Naomba ushauri: mama mdogo anataka kuacha dripu kwa sababu ya "utafiti"

Wakuu, shikamooni na habari zenu. Niko Masasi. Mama mdogo ana saratani ya titi na wiki ijayo anatakiwa kurudi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kuendelea na dripu za dawa za saratani (kimo). Sasa mjomba kaja na karatasi: majani ya mstafeli yameua seli za saratani maabara, kwa hiyo hela ya korosho isiishie kwenye nauli ya Dar.

Mimi nafundisha baiolojia. Nikamwambia seli kwenye kisahani si mtu, na hata tafiti za majarida makubwa zinayumba. Mwaka 2012 ilielezwa kwamba watafiti wa kampuni ya dawa ya Amgen walijaribu kurudia kazi 53 za saratani zilizosifiwa sana, wakathibitisha 6 tu. Mradi mwingine wa Marekani ulipanga majaribio 193, ukakamilisha 50, maana mara nyingi maelezo ya kazi ya awali hayakutosha. Kuna hata seli za maabara zinazoitwa MDA-MB-435, zilitumika miaka mingi kama za saratani ya titi, kumbe ni za saratani ya ngozi!

Mjomba akadakia: "Basi na dripu ni ubabaishaji huo huo." (Mzee ana mdomo, mjue.) Dripu zimepimwa kwa wagonjwa maelfu, tena kwa kurudiwa, lakini nikisema hivyo naonekana mtoto anayebishana na wakubwa.

Waliowahi kuongea na wazee wa huku kwetu, nianzie wapi? Nipitie kwa bibi, au nimwombe daktari ampigie mjomba mwenyewe?