Mwanzilishi anastaafu kampuni ya uwekezaji: hisa, saini na wateja, kipi kitangulie?

KatibuBodi
Wakuu, habari zenu. Kampuni ni ya Dar, ina leseni ya CMSA (mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji) ya kusimamia fedha za wateja. Mwanzilishi ana 72% ya hisa, na ndiye mwenyekiti, ndiye mkurugenzi mtendaji. Watoto wake wawili wana 20% na hawafanyi kazi hapa. Mkuu wa uwekezaji, ambaye ndiye mrithi, ana 8%. Mzee anataka kutoka ndani ya mwaka mmoja na nusu, amuuzie mrithi hisa zote, yeye abaki "mshauri". Tuanzie wapi, na watu hukwama wapi?

Hesabu Kavu
Mkuu, hiyo ya kuuza 72% kwa mkupuo isimamishe kwanza. Sheria ya Kodi ya Mapato inalinganisha umiliki wa sasa na wa wakati wowote ndani ya miaka mitatu iliyopita. Ukibadilika kwa zaidi ya 50%, kampuni inahesabiwa imeuza mali zake zote kwa bei ya soko. Kodi inadaiwa na hakuna hata shilingi iliyoingia. Auze 40% sasa, 32% isubiri miaka mitatu ipite. Kodi ya faida kwenye hisa anazouza ni ya mzee mwenyewe, na bila cheti cha TRA (mamlaka ya mapato), BRELA (msajili wa kampuni) hawasajili uhamisho.

Sasa malipo. Tuseme kampuni ina thamani ya bilioni 3. 40% ni bilioni 1.2. Mrithi atangulize milioni 240, zinabaki 960. Wengi huandika "atalipa kwa gawio miaka minne", gawio ni faida wanayogawiwa wanahisa, yaani milioni 240 kila mwaka. Gawio la kampuni likiwa milioni 400, 48% ya mrithi (8 za zamani na 40 mpya) ni 192; toa kodi ya zuio 10%, inayokatwa kabla hajalipwa, anabaki na 172.8. Anapungukiwa milioni 67.2 kila mwaka, azitoe wapi? Wekeni miaka sita, milioni 160 kwa mwaka, na ruhusa ya kusogeza awamu moja mwaka ukiwa mbaya. Mthamini awe wa kutoka nje ya kampuni. Bei iliyo kichwani mwa mzee mara nyingi haina undugu na ada mnazokusanya.

Wakili wa Jioni
Hesabu safi, ila tazameni kura. 32 za mzee na 20 za watoto ni 52, na azimio la kawaida linatosha kumng'oa mkurugenzi. Mrithi atakuwa analipa deni huku familia inaweza kumfukuza kesho. Kabla hajatoa senti, mkataba wa wanahisa utaje sababu za kumwondoa: wizi, kupoteza leseni, kushindwa kulipa. Hisa za watoto zigeuzwe ziwe za gawio bila kura, hapo mrithi ana 48 kati ya 80, yaani 60%. Mgeuzo huo unahitaji azimio maalumu, nalo linataka robo tatu ya kura, kwa hiyo 72 za sasa za mzee peke yake hazitoshi, na watoto lazima waridhie kwa maandishi. Mshauri wa kodi apitie mgeuzo huo kabla ya saini. Mabadiliko ya wakurugenzi yafike BRELA ndani ya siku 14.

Mtunza Daftari
Msisahau mambo madogo, ndiyo yanayosimamisha kazi. Azimio la bodi la saini mpya liende kila benki na kwa mtunza dhamana (taasisi inayotunza hati za uwekezaji) siku moja, la sivyo hati fungani, yaani mikopo mliyoikopesha serikali au kampuni, zinaiva na hakuna wa kuidhinisha. Akaunti za TRA na BRELA mara nyingi zimefungwa kwenye namba ya simu ya mzee. Badilisheni akiwa bado ofisini. Na kama alidhamini mkopo wa kampuni kwa nyumba yake, dhamana haifi kwa sababu amestaafu. Benki itoe barua ya kumwachia.

KatibuBodi
Asanteni sana. Na hiyo nafasi ya mzee kubaki mshauri? Mzee hataki hata kusikia habari ya kukaa nyumbani.

Soko la Asubuhi
Warren Buffett, mwekezaji wa Marekani, alitangaza Mei 2025 kwamba anaachia utendaji, Greg Abel akashika kampuni yake ya Berkshire Januari 1, 2026, Buffett akabaki mwenyekiti. Tarehe ilijulikana, cheo kilijulikana. Waanzilishi wa Carlyle, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, waliwakabidhi uongozi watu wawili mwaka 2018. Mmoja akaondoka 2020, mwingine 2022 ghafla, na mmoja wa waanzilishi akarudi kushika usukani kwa muda. Mzee wenu apewe mkataba wa ushauri wa miezi 12, siku nne kwa mwezi, bila saini, bila kiti kwenye kamati ya uwekezaji, bila kuagiza wafanyakazi. Akibaki na kura ya turufu kwenye kamati, hamjakabidhi kitu.

Kuhusu wateja, someni mikataba kwanza. Ikiwa inamtaja mwanzilishi kwa jina, kuondoka kwake kunaweza kuwapa haki ya kutoa fedha. Mrithi awe na leseni yake mwenyewe ya uwakilishi, CMSA wajulishwe, kisha wateja wakubwa wafuatwe ana kwa ana, mzee na mrithi pamoja, wote ndani ya siku mbili. Barua ya jumla na magazeti ni baada ya hapo. Saini za kuridhia mabadiliko ya mkataba chukueni palepale, msiahidi kuzituma kwa barua pepe.