Jenereta ya kiwanda na madirisha ya wapangaji, Unga Limited, Arusha

mkaziwaungaltd: Wakuu, jenereta ya dizeli ya kiwanda, KVA 200 (kipimo cha uwezo wake wa umeme), imewekwa ukutani kwa nyumba za kupanga, ekzosi (bomba la moshi) imelala na kuishia usawa wa madirisha. Umeme ukikatika, moshi wote unaingia ndani. Tatizo ni dizeli mbovu? Na tuanzie wapi kudai?

FundiDizeli: Mkuu, angalia rangi ya moshi kwanza. Mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo: filta ya hewa imeziba, nozeli (vipulizia mafuta) zinadondosha badala ya kupuliza, au lodi (mzigo wa umeme) imezidi. Bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaowasha macho injini ikiwa imeshapata moto ni dizeli isiyoungua, na hapo nashuku ukubwa wa mashine. KVA 200 ni kama kW 160; ikibebeshwa taa na kompyuta za ofisi tu, silinda hazipati joto la kutosha. Kagua maungio ya ekzosi, utakuta tope jeusi linachuruzika. Iongezewe lodi ifike walau theluthi ya uwezo wake, au walete ndogo.

Bomba lipande wima kupita mapaa ya jirani. Wasiweke kofia ya bati, inarudisha moshi chini. Kifuniko kiwe cha kusukumwa na moshi wenyewe. Na wakilirefusha bila kulinenepesha, injini inakabwa na moshi unazidi. Hapa mafundi wengi wanachemka.

Wakili_wa_Mtaa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inatoa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Andikeni daftari: tarehe, saa ya kuwashwa na kuzimwa, rangi ya moshi, upepo unakoelekea. Barua iende kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mazingira wa Jiji, nakala NEMC (baraza la taifa la mazingira). Ombeni kipimo kichukuliwe dirishani kwenu, si getini kwa kiwanda, na iwe asubuhi ya baridi, moshi unapolala chini.

Mdau_Njiro: Moshi wa dizeli uliwekwa na WHO kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Mwaka huohuo Chicago, Marekani, mitambo ya kufua umeme kwa makaa ya mawe ya Fisk na Crawford ilifungwa baada ya wakazi wa mitaa jirani ya Pilsen na Little Village kupambana kwa miaka. Umeme ulienda gridi, masizi wakabaki nayo wao.

mkaziwaungaltd: Shukrani wakuu. Mwenye nyumba hataki kusaini barua, haishi hapa.

Wakili_wa_Mtaa: Msimsubiri. Haki hiyo ni ya kila anayeishi Tanzania, haidai hati ya nyumba. Sainini wapangaji.