Tupeane uzoefu: waliowahi "kusawazishwa" yin na yang hapa Dodoma

Mdau wa Ipagala
Wakuu, kuna bango nimeliona njia ya kwenda soko la Majengo. Wanasawazisha yin na yang, zile nguvu mbili za mwili kwenye tiba ya Wachina, ya baridi na ya joto. Miadi kwa simu, kuangaliwa ulimi bure. Nimemkumbuka shangazi alivyorudi kutoka sehemu kama hiyo, mgongo mzima madoa ya duara, anasema yang imefunguka. Walioingia humo tupeni mkasa mzima kabla sijapeleka kiuno changu.

Zabibu Chungu
Hayo madoa ni ya kuumikwa kwa chuku tu mkuu. Bibi zetu Kondoa waliumika kwa pembe ya ng'ombe na hawakuweka bango.

Mama Wawili
Mimi nilichomwa sindano kwa ajili ya kipandauso. Nyembamba sana, ukiangalia pembeni huzioni. Moja chini ya goti, nyingine pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwanza aliniuliza kama nina mimba, maana hiyo ya mkononi wao hawamchomi mjamzito. Hapo nikamwamini kidogo. Kichwa bado kinauma, ila si kama zamani. Kilichonishinda ni masharti: niache maji ya friji na tikiti, eti yananijaza yin. Dodoma hii, mwezi wa 11!

Mgogo Halisi
Mwezi wa 11 hapa yin yenyewe inatafuta kivuli 😂

Mwalimu Mstaafu
Nilikuwa nasoma tu, sasa acha niseme. Nina sukari, dawa nameza. Miguu ikaanza ganzi, nikawa nahisi nimevaa soksi na sijavaa. Nikaelekezwa kwa bwana mmoja, Mtanzania mwenzetu, koti jeupe, ukutani lile duara jeusi na jeupe. Akanishika mapigo kwa vidole vitatu, mkono huu na huu, akatazama ulimi. Nikamwambia nina sukari. Akasema yang yangu haifiki chini, baridi imekaa nyayoni, lazima ipashwe.

Akawasha kitu kimesokotwa kama sigara nene, majani ya pakanga yaliyosagwa, hakitoi mwali, kinafuka tu. Anakisogeza karibu na dole gumba la mguu. "Unasikia joto, mzee?" Bado. Anasogeza tena. "Sasa?" Bado. Simu ikaita, akamwachia kijana wake, naye akauliza vilevile, nami nikajibu vilevile. Ghafla harufu. Nikadhani jirani anababua kuku. Kuinama, ngozi ya dole imeinuka, imejaa maji, na mimi sina habari! Kijana ndiye aliyepiga kelele, si mimi. Kidonda kile kilinisumbua mpaka masika yakapita.

Mama Wawili
Uwiii. Pole sana mwalimu wangu.

Binti Mpwapwa
Nimejikuta nakunja vidole vya miguu. Pole baba.

Msomi wa Makole
Shikamoo mwalimu, pole. Ila huyo hakujua hata tiba ya Wachina yenyewe. Kwao sukari huhesabiwa zaidi kuwa upungufu wa yin: mwili umekauka, ndani kuna moto, ndiyo maana kiu haiishi. Unampaje mtu wa moto moto mwingine?

Zabibu Chungu
Kwa hiyo angepewa baridi angepona? Ganzi ile ni mishipa ya fahamu imeharibiwa na sukari iliyokaa juu muda mrefu. Yin haina kipimo maabara.

Msomi wa Makole
Na dawa mseto unayomeza ukiugua malaria asili yake wapi? Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Nobel 2015 kwa dawa ya malaria aliyoitoa kwenye mmea wa ukoo huohuo wa pakanga.

Zabibu Chungu
Alipewa kwa kilichokamuliwa kwenye jani kikapimwa. Hakupewa kwa yang.

Mgogo Halisi
Mjomba alikunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo 2011, shilingi 500. Angalau kilikuwa cha kunywa.

Afya Bora Mafuta
Mafuta ya kusawazisha nishati, wanaume kwa wanawake. Kondoa na Singida natuma kwa basi. Nicheki.

Mama Wawili
Wewe tena! Watu wanaongelea vidonda hapa.

Binti Mpwapwa
Mleta uzi, kabla ya kuvua shati omba cheti cha usajili cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ipo tangu 2002.

Mgogo Halisi
Cheti kinazima moto?

Mkazi wa Nkuhungu
Mimi sichomwi wala siunguzwi. Nafanya taichi, yale mazoezi ya Wachina, alfajiri uani kwa kufuata video. Unahamisha uzito polepole: mguu uliobeba ndio yang, mwepesi ndio yin, halafu vinabadilishana. Sijui kuhusu nishati, lakini magoti yametulia na sipepesuki tena nikiamka. Shida ni jirani, aliniona gizani nanyoosha mikono akaeneza habari kwamba nawanga.

Mwalimu Mstaafu
Hiyo mtu wa ganzi anaweza? Peku au na viatu?

Binti Mpwapwa
Viatu baba, na ukague ndani kwa mkono kabla ya kuvaa, kusiwe na kokoto. Kila jioni tazama nyayo kwa kioo. Na kliniki wanajua?

Mwalimu Mstaafu
Wanajua. Kioo ninacho.

Mkazi wa Nkuhungu
Shikilia kiti mwanzoni mwalimu. Na usubiri kupambazuke, mimi mpaka leo nasalimiwa kwa mbali.