Mpira wa asili na sintetiki kwenye tairi, kwa nini wanachanganya?

Swali: Wakuu habari zenu. Naskia tairi ya lori ina mpira wa asili mwingi ila ya gari ndogo imejaa sintetiki, sasa kama ule wa utomvu ndo imara kwa nini wasiweke huohuo kila sehemu? Au ni bei tu?

Jibu 1: Bei imo mkuu ila sio yote. Mpira wa asili ukiuvuta molekuli zake zinajipanga kama fuwele, hapohapo unagoma kuchanika, halafu haupati joto sana ukijikunja na kujikunjua, ndo maana malori yenye mzigo na hata tairi za ndege zinautegemea. SBR, yaani sintetiki inayotumika sana kwenye tairi, haijipangi hivyo, bila kaboni nyeusi (unga kama masizi wa kuimarisha mpira) ni dhaifu kabisa, ila ukiiweka inastahimili kusagika, inashika vizuri lami iliyolowa na inavumilia kuzeeka kwa joto.

Jibu 2: Na polibutadieni, sintetiki nyingine, je! Haisagiki kirahisi na haikakamai kwenye baridi, ila ikiwa peke yake inateleza kwenye lami yenye maji. Ukutani mwa tairi wanaichanganya na asili ili pasipasuke kwa kujikunja.

Jibu 3: Msidhani kuchanganya mipira miwili nusu kwa nusu kunakupa wastani wa sifa zake. Haiyeyukani, inabaki visiwavisiwa, na salfa, ile ya kuivisha mpira, inaweza kukimbilia upande mmoja. Asili na EPDM (sintetiki nyingine) ndo tabu zaidi, upande wa asili umeiva mwingine bado mbichi, ila ukipatia hiyo EPDM inazuia vizuri sana nyufa zinazoletwa na ozoni, gesi iliyomo hewani.

Muulizaji: Asanteni sana, na pakiwa na mafuta ya injini?

Jibu 3: Hapo tumia NBR, sintetiki inayostahimili mafuta, asili itavimba.