Tupeane uzoefu: wana Nyanda za Juu Kusini, siku hizi unacheza gemu gani na kwa nini hulifuti?

Mtu wa Mafiati

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na wageni mnaoishi huku mkiilaumu baridi, habari zenu.

Nikisoma mijadala ya magemu nakuta watu wanashindana ukubwa wa runinga na bei za mashine. Mimi nataka ya kwetu. Mvua ikianza umeme unaaga, bando linakata gemu likiwa bado linajisasisha, na simu yenye GB 32 nusu yake imeliwa na video za kundi la ukoo. Katika mazingira hayo wewe unacheza nini? Taja gemu, kifaa, na kitu kinachokufanya usilifute.

Naanza mwenyewe: eFootball, kwenye simu. Nimekulia PES, gemu la mpira la kampuni ya Konami, na walipoliua jina hilo 2021 na kuleta eFootball ya bure nilikasirika kama wengine. Lile toleo la kwanza la Septemba 2021 lilichekwa dunia nzima, sura za wachezaji zilitisha watoto. Leo limekaa sawa. Mpira una uzito, ukipiga pasi hovyo unaadhibiwa, beki mzito hageuki kirahisi. Ubaya wake ni kwamba linataka intaneti muda wote, kwa hiyo mechi zangu kubwa nazipiga usiku watu wakishalala.

Sheria ni moja tu: kubeti si gemu. Tiririkeni.

Kibanda Kihesa

Mimi nina kibanda cha gemu Kihesa, Iringa, kwa hiyo sichezi sana, nawaangalia wanaocheza. Mtaniambia dunia iko PS5. Sawa. Hapa kwangu mashine inayoleta hela ya unga bado ni PS2. Sony waliitoa mwaka 2000, zimeuzwa zaidi ya milioni 150, na naamini mbili kati ya hizo hazitakufa mpaka nife mimi.

Gemu ni PES 6 ya 2006 na mtu wao ni Adriano wa Inter: mguu wa kushoto, nguvu ya shuti 99. Nina watoto hapa ambao Adriano aling'ara kabla hawajazaliwa, lakini wanamjua kuliko Haaland. Nimebandika karatasi ukutani: Inter anachukua mmoja tu, na ni kwa kurusha shilingi. Bila hiyo karatasi kibanda kingekuwa kituo cha polisi.

Mchana wakija wadogo hawataki mpira, wanataka GTA San Andreas. Na hakuna anayefanya misheni. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba CJ, yule mhusika mkuu, alirudi Los Santos kwa ajili ya msiba wa mama yake. Wanachojua ni daftari. Lipo daftari moja la mazoezi, gamba limetoka, linapita mkono kwa mkono, limeandikwa kwa kalamu ya bluu vitufe vya kubonyeza kwa mpangilio: duara, duara, L1, duara mara tatu, L1, L2, R1, pembetatu, duara, pembetatu. Kifaru cha jeshi kinadondoka katikati ya barabara. Mtoto wa darasa la tatu, jedwali la saba hajalishika, hilo analitaja akiwa amefumba macho.

Kuhusu umeme tumeweka utaratibu. Ukikatika kabla ya mapumziko, mechi inarudiwa bila malipo. Ukikatika kipindi cha pili, anayeongoza kashinda. Kwa hiyo kuna jamaa mmoja akifunga tu goli la kwanza baada ya mapumziko anatoka mlangoni kuangalia kama mawingu yanakuja.

Dogo wa Makete

Kaka zangu shikamooni. Free Fire, lile la kuwindana kwa bunduki. Mnashuka watu 50, dakika kumi hivi mmemalizana, unarudi kwenye kazi ulizotumwa. PUBG Mobile mnashuka 100, mechi ni ndefu, na simu yangu inachemka. Ingawa ikifika Julai hilo la kuchemka silalamikii.

Tatizo la huku ni vidole. Asubuhi ya Juni kioo hakikusikii kabisa, unabonyeza risasi haitoki, mwenzako keshakumaliza. Nimechukua glavu za sufu nikakata ncha za vidole gumba na vya shahada. Mama alipoziona alidhani ni panya.

Utingo Tandam

Nipo kwenye foleni Tunduma ninavyoandika, kwa hiyo muda ninao, leo na kesho.

Bus Simulator Indonesia. Wenye kompyuta watasema Euro Truck Simulator 2, gemu la Wacheki la tangu 2012, na kweli ni zuri, nimelicheza kwa mshikaji Makambako. Lakini kule ukiondoa Uingereza unaendesha upande wa kulia, barabara pana, kila mtu ana adabu. Mimi nisiyajue maisha hayo nikayachezee nini? Indonesia wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, barabara nyembamba, bodaboda wanakatiza, basi lina honi ya muziki. Halafu linakuruhusu kubadili rangi za gari. Vijana wa Bongo wamechora mabasi yetu karibu yote, unapakua picha unapaka, unaondoka na basi la kwenu.

Dereva wangu ni mzee, huyu barabara ya TANZAM anaijua kona kwa kona. Siku moja nikampa simu ateremshe mlima wa kwenye gemu. Kitu cha kwanza kuniuliza: "Gia ndogo iko wapi?" Nikamwambia mzee, gia inajipanga yenyewe, wewe shika breki. Akanitazama. Mlima Kitonga hauteremkwi kwa breki jamani. Ukizikalia zinapata moto, zikipata moto hazishiki, na chini kule kuna korongo. Unaingia na gia ndogo toka juu, injini yenyewe inakushikilia, breki unaigusa na kuachia. Mzee akateremka hivyo hivyo kwa breki mpaka chini, gari halikupata moto, halikunuka, hakuna kilichotokea. Akanirudishia simu: "Hili gari halina adabu." Mpaka leo hajaligusa tena.

Mtu wa Mafiati

Utingo, na ukigonga inakuwaje?

Utingo Tandam

Unaendelea na safari mkuu. Hakuna trafiki, hakuna abiria anayekurekodi. Ndiyo maana nasema ni gemu.

Mama Vitenge

Hamjambo wanangu. Mimi nauza vitenge Mwanjelwa. Mchezo wangu ni Candy Crush, ule wa pipi, toka 2012 upo na mimi bado nimo. Mnaoudharau mnaudharau kwa sababu hamjafika mbele.

Una mioyo mitano. Ukishindwa hatua moja moyo unakwenda, na kila dakika 30 unarudi mmoja. Sasa mteja hakuna, mvua inanyesha, dakika 30 utakaa unatazama bati? Binti yangu akanionyesha kusogeza saa ya simu mbele. Mioyo yote mitano inarudi hapo hapo. Nikafurahi. Nikaja kuona WhatsApp imegoma, inasema tarehe ya simu si sahihi, na mteja wangu wa Chunya alikuwa ametuma oda. Kwa hiyo siku hizi nasogeza saa Jumapili tu.

Bando halihitajiki, na ukimkuta mteja anasitasita kati ya vitenge viwili unacheza huku umenyamaza. Akikuona huna haraka anachukua vyote.

Kijana Sae

Mi nacheza kile kindege cha kwenye simu, unaweka buku kinapaa unatoa kabla haki

Mtu wa Mafiati

Ishia hapo hapo mdogo wangu. Sheria umeisoma. Kwenye eFootball nikifungwa nimefungwa na mtu aliyenizidi, kesho namfunga. Kindege hukifungi, pa kuanguka hupangi wewe.

Mkulima Njombe

Kamweneni. Mimi ni dada, nalima viazi mviringo huku Njombe, na jioni nikitoka shambani nakaa jikoni karibu na moto nalima tena. Chekeni mmalize.

Gemu ni Stardew Valley. Lilitengenezwa na mtu mmoja tu, Eric Barone wa Marekani: michoro yeye, muziki yeye, maneno yeye. Likatoka kwenye kompyuta 2016, kwenye Android 2019. Unalinunua mara moja basi, halina matangazo wala halidai bando. Mtu kachoka na kazi ya ofisini, babu yake kamwachia shamba lililojaa mawe na visiki. Unaanza na pesa 500 na mbegu 15 za parsnip, huo ni mzizi mweupe wa ukoo wa karoti. Siku nne umevuna. Viazi? Siku sita. Siku sita wapendwa! Hivi vyangu ni miezi mitatu na zaidi, na mvua ikishika mfululizo ukachelewa kupiga dawa ya ukungu, unaamka majani yameungua meusi shamba zima.

Hilo la siku sita nawasamehe, kila hadithi ina chumvi yake. Kinachonirudisha kila jioni ni sanduku. Nje ya nyumba yako kuna sanduku la mbao. Umevuna, unatumbukiza mazao, unaingia ndani unalala. Asubuhi hela ipo mkononi na orodha imeandikwa: viazi hivi, bei hii. Hakuna dalali aliyekuja jana na bei moja na leo ana nyingine. Hakuna anayekwambia barabara imeharibika kwa hiyo punguza. Hakuna lumbesa! Kiazi kimoja kinahesabiwa kiazi kimoja. Mara ya kwanza nilipoona ile orodha nilimwita mume wangu aje aone, akasema hao Wamarekani wanaota.

Lakini kuna mambo limepatia ambayo mtu wa mjini hayaoni. Msimu mmoja ni siku 28, na ukigeuka, mazao ya msimu uliopita yanakauka yote usiku mmoja. Kwa hiyo unajifunza kuhesabu kurudi nyuma: zimebaki siku tano, kiazi kinataka sita, tunza mbegu usipande. Jirani yangu halisi kila mwaka anapanda amechelewa na kila mwaka anailaumu mvua. Usipoweka sanamu la kutishia ndege, kunguru wanakula. Na mwili unachoka: ukimwagilia na kukata miti bila kula, nguvu inaisha. Siku inaanza saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nane usiku hujalala unaanguka ulipo.

Mwanangu ameniuliza kwa nini sipandi parachichi kama wenzangu wote wa Njombe. Nimemwambia hayamo. Miembe ipo, migomba ipo, parachichi hakuna. Mwenye namba ya huyo Barone amfikishie.

Mzee wa Uyole

Vijana, mimi drafti. La ubao, vizibo vya soda, chini ya mti. Mjukuu aliniwekea la kwenye simu, nikakuta kingi anatembea nyumba moja moja kama kete ya kawaida. Kingi gani huyo? Kingi wa kwetu anatoka pembe hii mpaka pembe ile akiona njia. Nikamwambia afute. Ameniletea lingine lenye sheria zetu, hilo naliheshimu, ila halibishani. Ukilifunga linanyamaza tu.

Chuo Iyunga

Mzee shikamoo. Umesema kitu, magemu ya siku hizi hayabishani.

Mimi nina kompyuta mpakato ya mtumba, na gemu la mpira FIFA 20 limeganda humo, silitoi. Najua watengenezaji wake EA na shirikisho la FIFA waliachana, FIFA 23 ikawa ya mwisho, na toka 2023 wanaita FC. Wakaachane vizuri. FIFA 20 ina Samatta akiwa Genk. Nahodha wa Taifa Stars wa wakati ule, jina lake mgongoni, mtangazaji Mwingereza analitaja kwa kujiuma. Januari 2020 alipohamia Aston Villa kweli, hosteli nzima tulikesha naye kwenye hiyo hiyo kompyuta. Hakuna picha nzuri ya kiwango chochote itakayonipa hilo.

Kwenye simu nina Dream League Soccer, ligi unacheza bila bando. Jezi unaweka unayotaka: unatengeneza picha ya 512 kwa 512, unaipandisha mtandaoni, unabandika kiungo chake kwenye sehemu ya jezi, timu yako imevaa Yanga au Simba. Jezi nachora mwenyewe, anayetaka aseme.

Kibanda Kihesa

Kijana, Yanga unayo ya ugenini?

Chuo Iyunga

Ipo mkuu, na Simba zote tatu. Mbeya City ya zambarau ndiyo nimeikalia usiku mzima, mpaka kola.

Utingo Tandam

Na ya wapinzani wenu wa Mbeya, Prisons?

Chuo Iyunga

Prisons mchore wenyewe. Mimi ni wa City.